Tunda Jeusi la Kando ya Barabara: Namna ya Kuitambua Lantana

Maelezo yaliyotolewa kwa wananchi wa Kata ya Lipingo, Wilaya ya Nyasa, Mkoa wa Ruvuma



 Tunafahamu kwamba wapo miongoni mwenu walioacha usipa kwenye vichanja, na wengine walioahirisha kwenda shambani ili kutusikiliza. Kwa hiyo tutajitahidi maneno yetu yalingane na muda mliotupa.

Sisi ni watumishi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Wengi mmezoea kusikia habari zetu panapotokea viwavijeshi, panya au nzige. Leo hatukuja kwa ajili ya hao. Tumekuja kusema juu ya kichaka kimoja chenye maua ya kupendeza na matunda madogo meusi, ambacho wataalamu hukiita Lantana camara, nasi katika maelezo haya tutakiita lantana tu.

Huenda mtu akauliza: habari za gugu la kando ya barabara zinamhusu nini mtu ambaye shughuli yake ni kununua na kutumia? Zinamhusu sana. Matunda ya gugu hili huingia kinywani mwa mtoto anayerudi shule. Majani yake huingia tumboni mwa ng'ombe ambaye kesho nyama yake italetwa gulioni. Miche yake huuzwa mijini kama maua ya bustani. Na mtu anayetaka kuliondoa shambani huenda dukani kutafuta dawa, na huko ndiko fedha nyingi hupotea na afya ya watu kuharibika. Hayo yote yanaanzia mahali pamoja, nako ni kutoijua lantana inapokuwa mbele ya macho yetu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya itahusu kutambua.

Tuanze na jina, kwa kuwa jina ndilo linalowapotosha wengi. Kila mahali mmea huu una jina lake, na mara nyingi jina moja hubebeshwa mimea miwili au mitatu inayofanana. Mwanakijiji wa Lipingo, Mmatengo wa milimani Mbinga na mtu aliyevuka ziwa kutoka Malawi wanaweza kutaja jina moja huku kila mmoja akiwa na kichaka chake moyoni. Hatuwezi kuwaambia mliache jina la kwenu; ila msiliamini peke yake. Aminini alama.

Lantana si mzaliwa wa Afrika. Kwao ni nchi za joto za Amerika. Katika karne ya 17 Waholanzi waliipeleka Ulaya, na watunza bustani wa huko wakaipenda kwa maua yake, wakaizalisha kwa kuchanganya aina mbalimbali hadi zikapatikana rangi nyingi kuliko zile za asili. Kutoka Ulaya ilisafirishwa hadi Asia, Australia na Afrika kama ua la bustani na kama uzio. Mwanzoni mwa karne ya 19 ilikwisha kufika Calcutta nchini India, na leo imefunika maeneo makubwa ya misitu ya nchi hiyo. Mwaka 2000 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, liliichapisha katika orodha ya viumbe vamizi 100 vyenye madhara makubwa zaidi duniani. Kwetu Afrika Mashariki nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo ya bustani na uzio. Hakuna aliyeileta kwa nia mbaya. Ililetwa kwa sababu ni nzuri, tena haihitaji kumwagiliwa.

Mahali pa kuitafuta kwanza ni pale ambapo ardhi imevurugwa. Barabara ya lami ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye kilomita 66, ni neema kwa wilaya hii. Lakini kila barabara inapochongwa huacha kingo tupu, mashimo yalikochimbwa kifusi, na marundo ya udongo yasiyo na mwenyewe. Udongo mtupu wa namna hiyo, wenye jua la kutosha na usio na mpinzani, ndio lantana inaoupenda. Itafuteni pia katika mashamba ya mihogo yaliyoachwa yapumzike, pembezoni mwa makaburi, nyuma ya majengo yaliyohamwa, kando ya vijito, na chini ya miti mikubwa na nyaya ambapo ndege hupenda kutua. Hili la ndege si la kupuuzwa. Shore na ndege wengine hula tunda, huruka nalo, kisha hudondosha kokwa mbali na mama yake. Kichaka kimoja kilichokomaa huweza kuzaa hadi matunda 12,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu anayekiacha kichaka kimoja uani kwa sababu ya uzuri wake, anawapandia majirani zake wote bila kujua.

Sasa tuje kwenye alama zenyewe. Tunawaomba mzifuate kwa utaratibu wa baraza la wazee: shahidi mmoja hatoshi kumtia mtu hatiani. Rangi ya ua peke yake haitoshi, wala tunda jeusi peke yake.

Anzeni na shina. Lantana ni kichaka cha miaka mingi, si mmea wa msimu mmoja. Kwa kawaida huwa na urefu wa mita 2 hadi 4, na ikipata mti wa kuegemea hupanda juu zaidi. Shikeni tawi changa, si lile la zamani lililokwisha kuwa gumu na la mviringo, mlizungushe polepole kati ya vidole. Mtahisi pembe nne. Juu ya pembe hizo aghalabu pana miiba mifupi iliyopinda kuelekea chini, mfano wa ndoana ndogo, ambayo hukamata nguo ya mtu anayepita. Ziko aina zenye miiba mingi na ziko zenye michache sana, hasa zile zilizotunzwa bustanini. Kwa hiyo kukosekana kwa miiba hakumwachilii huru mtuhumiwa.

Kisha tazameni majani. Hutoka mawili mawili, yakitazamana pande mbili za tawi, na jozi inayofuata hukaa kwa kukingama na ile iliyotangulia. Kila jani ni pana karibu na kikonyo na limechongoka nchani, na ukingo wake una meno madogo kama msumeno. Upande wa juu hukwaruza kama msasa, na mishipa imezama ndani, kwa hiyo jani huonekana kama limekunjwakunjwa. Wale wenye ngozi laini watagundua kwamba jani hili huweza kuwasha.

Sasa lipondeni jani hilo na kulinusa. Harufu yake ni kali, na aliyeinusa mara moja hawezi kuisahau. Wengine huifananisha na viungo vilivyochacha, wengine na mkojo wa paka. Hatutaamua ugomvi huo. Tunachosema ni kwamba kichaka kisichonuka kabisa baada ya jani kupondwa kina uwezekano mkubwa wa kuwa kitu kingine. Nawaneni mikono baadaye.

Ua ndilo shahidi anayeaminika kuliko wote, ikiwa mtajua la kumuuliza. Kile tunachokiona kama ua moja ni shada la maua madogo mengi, mara nyingi 20 hadi 40, yaliyokaa pamoja na kufanya uso ulio karibu na bapa, wenye upana wa sentimita 2 hadi 3. Maua ya pembeni hufunguka kwanza, ya katikati baadaye. Na kila ua dogo hubadilika rangi linapozeeka: lile lililofunguka leo ni la njano, na la juzi limekwisha kuwa la rangi ya chungwa au jekundu. Ndiyo sababu shada moja huwa na rangi mbili au tatu kwa wakati mmoja, changa katikati na kongwe pembeni. Ziko aina za njano na waridi, na ziko nyeupe na zambarau hafifu. Basi msiulize tu, "Ni jekundu?" Ulizeni, "Je, katikati na pembeni pana rangi tofauti?"

Tunda hufuata mahali pale pale shada lilipokuwa. Vipunje hukaa vimesongamana juu ya kikonyo kimoja, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa pilipili manga au kuzidi kidogo. Kwanza ni vya kijani na vigumu. Vikiiva huwa vyeusi vyenye wekundu au ubuluu kwa mbali, na hung'aa kama vimepakwa mafuta. Mara nyingi shada moja huwa na vya kijani na vyeusi pamoja. Mkikipasua kipunje mtakuta nyama kidogo na kokwa moja ngumu katikati. Ikumbukeni hiyo kokwa moja. Tutairudia sasa hivi.

Kuna mimea inayofanana na lantana, na kosa la kuikata isiyo na hatia lina gharama pia. Yuko jamaa yake wa karibu, Lantana trifolia, ambaye mtamkuta katika vichaka na mashamba yaliyolala. Huyo hana miiba. Majani yake mara nyingi hutoka matatu matatu kutoka mahali pamoja. Maua yake ni ya waridi au zambarau bila mchanganyiko wa njano na nyekundu. Na shada lake la matunda hurefuka kama kibunzi kidogo chenye rangi ya zambarau. Watu wengi wa Afrika Mashariki wameyala matunda yake tangu utotoni. Hapo ndipo hatari inapoanzia: bibi anamwambia mjukuu kwamba tunda lile la kichakani linalika, na anasema kweli, lakini mjukuu anachuma kwenye kichaka kingine.

Wa pili ni mnavu. Tunajua kwamba mnavu ni mboga inayoheshimiwa, na hatupendi mtu yeyote auogope kwa sababu ya maneno yetu. Tofauti ni dhahiri kwa anayetazama. Mnavu ni mmea laini usio na miti. Majani yake hayatazamani. Hutoka moja moja kwa kupishana, na hayakwaruzi. Ua lake ni jeupe, mfano wa nyota, lenye kitovu cha njano. Tunda lake ni la mviringo, huning'inia na kofia ndogo ya kijani, na likipasuliwa hutoa mbegu nyingi ndogo bapa, siyo kokwa moja. Ama ndulele, ambaye hutajwa kila tunapozungumzia matunda yenye sumu, tunda lake la njano ni kubwa mara nyingi zaidi ya hili, na hakuna mtu mzima anayepaswa kuwachanganya hao wawili. Watoto ni jambo jingine.

Na tuseme juu ya watoto. Mtoto wa Ruvuma amelelewa kujua kwamba porini kuna chakula. Msimu wa masuku anajua aende wapi, na ujuzi huo ni urithi mwema. Lakini tunda la lantana halimo katika urithi huo, kwa kuwa mmea wenyewe ni mgeni. Mwaka 1964 madaktari wa Florida, Marekani, walichapisha taarifa za watoto waliougua baada ya kula matunda mabichi ya lantana, na mtoto mmoja alifariki. Taarifa iliyochapishwa Marekani mwaka 2010 ilionyesha kwamba watoto wengi waliokula matunda hayo hawakupata madhara makubwa. Tunazitaja zote mbili kwa makusudi. Hatutaki mzazi ashikwe na hofu kwa sababu mwanawe ameonja kipunje kimoja cheusi. Wala hatutaki mzazi mwingine asubiri hadi kesho kwa sababu jirani amemwambia kwamba yeye alikula utotoni na hakufa.

Lililo salama ni kwamba matunda haya yasiliwe, yawe mabichi au yameiva. Ikiwa mtoto amekula, mwondoeni mabaki kinywani, mumsukutue kwa maji safi, na mumtazame kwa makini. Akitapika, akiharisha, akilegea, akipumua kwa shida au mboni za macho zikipanuka, apelekwe mara moja kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Msimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi, na msimnyweshe mafuta. Chukueni tawi la mmea wenyewe, lenye majani na matunda, mwende nalo. Mganga akiona tawi atajua anachopambana nacho. Akiambiwa tu kwamba mtoto amekula "matunda ya porini", ataanza kazi gizani.

Kwa mifugo, ushahidi hauna ubishi. Majani ya lantana yana sumu ziitwazo lantadeni, ambazo huharibu ini la ng'ombe, kondoo na mbuzi. Mnyama aliyezaliwa mahali penye lantana mara nyingi huikwepa mwenyewe. Anayedhurika zaidi ni mgeni aliyenunuliwa mbali na kuletwa akiwa na njaa, au yule anayechungwa wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, majani mengine yanapokauka na kichaka hiki kikabaki na ukijani wake. Atakataa kula, choo kitakuwa kigumu, macho na fizi zitageuka njano. Kisha hutokea jambo linalowashangaza wengi: ngozi yake hushindwa kustahimili jua. Pua, masikio na sehemu zenye manyoya meupe huvimba, hupasuka na kubambuka, naye hutafuta kivuli siku nzima. Mnyama kama huyo aondolewe malishoni, awekwe kivulini, apewe maji, na afisa mifugo aitwe bila kukawia. Mkiona nyama inauzwa kwa bei ya chini isiyo ya kawaida na muuzaji hawezi kuonyesha kwamba imekaguliwa, iacheni. Ng'ombe aliyekufa kwa maradhi hachinjwi ili kuokoa hasara.

Tungekuwa hatutendi haki tusiposema kwa nini watu wengine huipanda lantana kwa hiari. Wapo wanaosema inafukuza mbu, na hawakosei kabisa: utafiti uliofanyika nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba mbu walioingia katika nyumba zilizozungushiwa mmea huu walikuwa wachache zaidi. Sisi tunasema hivi: chandarua chenye dawa hakizai matunda 12,000, wala hakihamii shamba la jirani. Isitoshe, wadudu hawafanani. Huko Busoga nchini Uganda, ugonjwa wa malale ulipolipuka kuanzia katikati ya miaka ya 1970, watafiti walikuta mbung'o wamejificha katika vichaka vya lantana vilivyokuwa vimefunika mashamba ya kahawa na pamba yaliyoachwa. Kichaka kimoja humfukuza mdudu huyu na kumpa makazi yule.

Wengine hutaka uzio wa bei rahisi. Tunawaelewa, kwa kuwa fito zina gharama na mbuzi hawana adabu. Lakini anayebadilisha asihamie mmea wa kwanza anaouona: mbono una mbegu zenye sumu, na utomvu wa minyaa ukiingia jichoni ni dharura. Na anayenunua maua mjini, Mbinga au Songea, anayo haki ya kumuuliza mwenye kitalu jina la mche na asili yake. Akionyeshwa mche wenye shada la rangi mbili na majani ya kukwaruza, anajua la kufanya.

Jinsi ya kuiondoa. Miche michanga ing'olewe na mizizi yake yote wakati udongo umelowa, kuanzia mvua za Novemba. Wakati huo mtoto wa darasa la saba akivaa glavu anaweza kufanya kazi ya mtu mzima. Kichaka kikubwa kikatwe, kisha kisiki chake kichimbuliwe, kwa kuwa lantana iliyokatwa tu huchipua upya kwa nguvu, na iliyochomwa moto tu hufanya vivyo hivyo. Hata tawi linalogusa ardhi huweza kuota mizizi. Kazi ifanywe kabla matunda hayajaiva. Matawi yasitupwe barabarani wala kijitoni. Yakusanywe mahali pamoja mbali na mifugo, maana hata yakikauka sumu yake hubaki. Halafu pandeni kitu mahali pale mara moja, iwe mihogo, kunde au nyasi za malisho, kwa sababu ardhi tupu ni mwaliko. Rudini kukagua baada ya miezi michache, na tena mwaka unaofuata. Anayeondoa lantana mara moja na kusahau amefanya kazi ya kuipogoa.

Tumewahi kuulizwa kwa nini tusilete wadudu waile. Wamewahi kuletwa. Kunguni mmoja wa majani aitwaye Teleonemia scrupulosa aliachiliwa nchini Uganda katika miaka ya 1960 ili aishambulie lantana, na aliishambulia. Ila alionekana pia kwenye mashamba ya ufuta. Mkoa wa Ruvuma unalima ufuta. Ndiyo maana mdudu yeyote wa namna hiyo hupitia majaribio marefu kabla ya kuruhusiwa, na ndiyo maana mtu binafsi haruhusiwi kujiletea wake mfukoni.

Linabaki suala la viuagugu, nalo ndilo linalotupa wasiwasi zaidi. Kwa vichaka vichache vya kando ya nyumba, jembe na panga vinatosha. Mtu asitumie fedha za ada ya mtoto kununua dawa asiyoihitaji. Kwa eneo kubwa, dawa yaweza kusaidia, lakini aulizwe kwanza afisa kilimo wa kata. Viuagugu vingi vinavyoweza kuua kichaka kama hiki haviwezi kutofautisha lantana na muhogo. Upepo wa ziwani ukivuma alasiri, dawa iliyolengwa kichakani hutua kwenye shamba la jirani, na ugomvi unaofuata hauna dawa dukani.

Nunueni katika duka lenye kibali cha kuuza viuatilifu, na mdai risiti. Chupa iwe na lakiri isiyofunguliwa na lebo inayosomeka, yenye jina la kiambata, namba ya usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi na maelekezo ya Kiswahili. Lebo ikiwa imebanduka nusu, au wino umefutika pale penye tarehe, mrudishieni muuzaji bila aibu. Kamwe msinunue dawa iliyopimwa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Tunajua kwa nini hufanyika hivyo: mnunuzi ana shilingi chache na lita nzima ni ghali. Lakini chupa hiyo haina jina, haina kipimo, haina onyo, na ikifika nyumbani huwekwa juu ya kabati ambako mtoto mwenye kiu huijua kama soda. Ni afadhali majirani watano wachange fedha wanunue chupa moja yenye lebo, kisha waitumie siku moja, shamba kwa shamba, wakiwa wamevaa glavu, buti na kitambaa mdomoni. Chupa tupu isuuzwe mara tatu na maji yake yamiminwe kwenye bomba la kunyunyizia, kisha itobolewe isiweze kutumika tena. Isioshwe ziwani. Maji hayo ndiyo mnayokunywa, na usipa hutoka humo.

Kwa yeyote atakayeona kichaka asichokuwa na hakika nacho, tunaomba afanye hivi. Avae glavu au afunge mfuko mkononi, akate tawi la urefu wa kiganja lenye majani, ua na tunda kwa pamoja, alilaze kati ya kurasa za gazeti kuukuu na kuliwekea jiwe juu kwa siku kadhaa hadi likauke. Kwenye gazeti hilo aandike kijiji, mahali alipolikuta, tarehe, na rangi ya ua lilipokuwa bichi, kwa sababu rangi hupotea likikauka. Kisha alipeleke kwa afisa kilimo wa kata, naye atalifikisha kwetu.